SOMO LA FIZIKIA: RISASI YA KOYOTI NA RISASI YA KULUNGU

Muhula uliopita tulieleza katika kurasa hizi habari za wenzo na kapi. Muhula huu twataka kueleza nishati ya mwendo, na kwa kuwa hesabu zisizo na kitu cha kushika huchosha haraka, tumechagua kitu kimoja tu tukichunguze toka mwanzo hata mwisho. Kitu chenyewe ni risasi ya mwindaji wa Marekani. Swali ni hili: mtu anayewinda wanyama wawili wasiolingana hata kidogo kwa ukubwa, yaani koyoti na kulungu, achague risasi gani? Wawindaji wa huko wamebishana juu ya jambo hili kwa miaka mingi, wakati mwingine kwa hasira, nasi tutaona kwamba sehemu kubwa ya jibu imo katika vitabu vyetu wenyewe.

Wazazi watakaosoma ukurasa huu wasidhani kwamba shule imeanza kufundisha uwindaji. Hapa hapana bunduki. Pana kalamu, karatasi na hesabu za kuzidisha na kugawanya.

Kwanza tuwajue wanyama. Koyoti ni jamaa ya mbwa. Ukitaka kumwona kwa macho ya moyo mfikirie bweha wetu, kisha umwongeze urefu wa miguu na manyoya mengi. Jina lake limetoka katika lugha ya Kinahuatl ya watu wa Mexico, na jina lake la kisayansi, Canis latrans, maana yake ni mbwa abwekaye. Uzito wake kwa kawaida ni kilo 9 mpaka 20 hivi. Zamani alikaa katika mbuga na majangwa ya magharibi tu. Lakini mbwa mwitu wakubwa walipouawa, yeye alienea karibu bara zima la Amerika ya Kaskazini, hata ameingia mijini. Wafugaji wa kondoo hawampendi kwa sababu hula wana-kondoo. Tena ngozi yake ya wakati wa baridi huuzwa.

Kulungu tunayemtaja hapa ni yule mwenye mkia mweupe, na msomaji asimchanganye na kulungu wa misitu yetu. Wetu ni wa jamii ya paa, na pembe zake hazidondoki maisha yake yote. Yule wa Amerika dume lake huota pembe zenye matawi, na kila mwaka pembe hizo huanguka zikaota nyingine. Dume aliyekomaa katika majimbo ya kaskazini aweza kupita kilo 100, lakini wa kusini ni wadogo zaidi. Yapata mwaka 1900 walikuwa karibu kwisha, kwa sababu watu waliwaua ili kuuza nyama masokoni. Hukisiwa kwamba walisalia nusu milioni tu katika nchi nzima. Mwaka huo Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuzuia nyama iliyowindwa kinyume cha sheria isivushwe toka jimbo moja hata jingine. Mwaka 1937 ikaja sheria nyingine ya kutoza kodi juu ya bunduki na risasi, fedha zake zitumike kuhifadhi wanyama wa porini. Siku hizi kulungu hao hukisiwa kuwa milioni 30 hivi. Basi mwindaji wa huko, kila anunuapo sanduku la risasi, anatoa fungu lake kwa ajili ya wanyama, apende asipende.

Sasa tuifungue risasi yenyewe. Sisi husema "risasi" kwa kitu kizima, lakini ndani yake mna vitu vinne. Kuna ganda la shaba ya manjano, ambalo ni chombo cha kubebea vingine vyote. Katika kitako cha ganda kuna fataki, kidonge kidogo kinachotoa cheche kikigongwa. Ndani ya ganda kuna baruti, nayo tangu mwisho wa karne ya 19 ni ile isiyo na moshi mwingi. Na mbele, kwenye mdomo wa ganda, kumeshindiliwa kitu kinachoruka, ambacho katika somo hili tutakiita kichwa. Kichwa cha kawaida kina madini ya risasi ndani na koti jembamba la shaba nyekundu nje. Mwaona jinsi lugha yetu inavyotutega hapa: madini huitwa risasi, na kitu kizima huitwa risasi. Mbele tutakutana na risasi isiyo na risasi, wala haitakuwa kitendawili.

Majina ya risasi za Marekani ni mtego mwingine. Mtu huona namba akadhani ni kipimo, kumbe kila kiwanda kilijipatia namba kwa njia yake. Katika .30-30 Winchester, iliyotoka mwaka 1895, namba ya kwanza ni upana wa mtutu kwa sehemu za inchi, na ya pili ni uzito wa baruti iliyotiwa zamani. Katika .30-06 namba ya pili si uzito wa kitu chochote; ni mwaka 1906, ambao jeshi la nchi hiyo liliikubali. Katika .250-3000 ya mwaka 1915 namba ya pili ni mwendo wa futi 3,000 kwa sekunde, nao walijivunia sana mwendo huo. Wala namba ya kwanza haiaminiki sikuzote: kichwa cha .270 ukikipima utakuta ni inchi .277, na cha .223 ni .224.

Mambo haya si ya kuchekesha tu. Risasi mbili zaweza kufanana kwa macho, moja ikaingia katika bunduki ya nyingine, na bunduki ikapasuka usoni pa mpigaji. Mfano unaojulikana sana ni .300 Blackout, iliyotengenezwa kutokana na ganda la .223. Kichwa chake ni kipana kupita tundu la mtutu wa .223, lakini ganda lake huweza kuingia katika chumba cha bunduki hiyo. Kwa hiyo sharti la kwanza la kuchagua risasi halihusu mnyama kabisa. Ni kwamba maandishi yaliyopigwa juu ya mtutu na maandishi yaliyo kwenye kitako cha ganda yawe sawasawa, neno kwa neno.

Haya, hesabu. Nishati ya mwendo ni nusu ya uzito ukizidishwa kwa mwendo, kisha ukizidishwa tena kwa mwendo. (Mwalimu wa fizikia atanikumbusha kwamba yafaa kusema tungamo wala si uzito, naye ana haki, lakini katika ukurasa huu nitatumia neno la sokoni.) Wamarekani hupima vichwa vya risasi kwa greni, na greni 15½ hivi ni gramu moja. Tuchukue .223 Remington yenye kichwa cha greni 55, yaani gramu 3.56, kinachotoka mtutuni kwa mwendo wa meta 988 kwa sekunde. Tukifanya hesabu twapata karibu jouli 1,740. Sasa .243 Winchester yenye kichwa cha greni 100, yaani gramu 6.48, na mwendo wa meta 902: jouli 2,640. Tena .308 Winchester yenye kichwa cha greni 150, yaani gramu 9.72, na mwendo wa meta 860: jouli 3,590. Na ile ya zamani, .30-30, yenye kichwa cha greni 170, gramu 11, iendayo polepole kwa meta 670: jouli 2,470.

Tazameni jambo moja. Kichwa cha .30-30 ni kizito kuliko vyote, lakini nishati yake imeshindwa na .243 ambayo kichwa chake ni kama nusu yake na ushei. Ndiyo maana ya kuzidisha mwendo mara mbili. Ukiongeza uzito maradufu, nishati huongezeka maradufu; ukiongeza mwendo maradufu, nishati huwa mara nne.

Sheria za majimbo nazo hutumia hesabu hizi. Jimbo la Colorado, kwa mfano, lataka bunduki ya kulungu iwe na upana usiopungua inchi .24, kichwa kisipungue greni 70, tena kiwe cha aina inayotanuka kikigonga, na nishati yake kwenye yadi 100 isipungue futi-ratili 1,000, ambazo ni jouli 1,356. Tuipime .223 yetu kwa kanuni hiyo. Kwenye yadi 100 kichwa chake cha greni 55 kimekwisha punguzwa na hewa hata meta 838 kwa sekunde, na nishati yake ni jouli 1,250 tu. Basi imeanguka mtihani mara tatu: upana, uzito, na nishati. Ile .243 kwenye umbali huohuo ina meta 822 kwa sekunde na jouli 2,190, na inapita. Lakini majimbo hayafanani. Texas huruhusu kila risasi ambayo fataki yake imo katikati ya kitako, hata .223, na hukataza kwa kulungu zile ndogo ambazo fataki yake imo ukingoni, kama .22 ambayo watu huulia sungura. Kwa maoni yangu Colorado ina busara zaidi, nami nitaeleza kwa nini.

Nishati peke yake haiui mnyama. Mnyama hufa upesi ikiwa kichwa cha risasi kimefika moyoni au mapafuni, na kwa kulungu mahali hapo ni kama duara la sentimeta 20, nyuma kidogo ya mguu wa mbele. Mbele ya mahali hapo kuna ngozi, nyama nene, mbavu, na huenda mfupa wa bega. Kwa hiyo twapaswa kuuliza si nishati ngapi tu, bali nishati hiyo yatumika wapi. Viwanda hutengeneza vichwa vya namna mbili kuu. Kichwa cha koyoti kina koti jembamba sana, nacho husambaratika mara tu kiingiapo. Kwa mnyama wa kilo 13 jambo hilo ni zuri: hufa palepale, na mara nyingi vipande havitoki upande wa pili, kwa hiyo ngozi haitoboki sana. Kichwa cha kulungu kina koti nene, au madini yake yamegandishwa na koti, hata kitanuke kama uyoga bila kuvunjika, kikaendelea kwenda ndani.

Sasa vibadilishane. Mpige koyoti kwa kichwa cha kulungu, na koyoti atakufa, ila ngozi yake huenda ikatoka na tundu kubwa ambalo mnunuzi atalitumia kushusha bei. Hasara hiyo ni ya fedha. Lakini mpige kulungu begani kwa kichwa cha koyoti, na kichwa kitapasuka juu ya mfupa, kitachimba shimo pana lisilo na kina, na mnyama atakimbia. Atakwenda kilometa nyingi akiwa na jeraha. Labda atakufa baada ya siku kadhaa katika kichaka ambapo hapana atakayemwona, nyama yote ipotee. Labda hatakufa, akae kilema majira yote ya baridi. Mwindaji atarudi nyumbani akisema amekosa. Hii ndiyo sababu watu wazima huko hubishana kwa ukali juu ya gramu mbili au tatu za madini. Si ubingwa wa maneno tu.

Je, haiwezekani bunduki moja ikafanya kazi zote mbili kwa kubadili kichwa tu? Mwaka 1955 viwanda viwili vikubwa vilijibu swali hili kwa namna mbili, na kisa chao chafaa kukumbukwa. Winchester walichukua ganda la .308, ambalo walikuwa wamelitoa mwaka 1952, wakaubana mdomo wake uwe mwembamba, ikawa .243. Remington mwaka huohuo walitoa .244. Vichwa vya zote mbili vina upana uleule, na ganda la Remington lilikuwa na nafasi ya baruti zaidi kidogo. Mtu angetazamia kwamba Remington watashinda. Walishindwa, na kilichowashinda hakikuwamo katika risasi bali katika mtutu.

Ndani ya mtutu wa bunduki ya namna hii kuna mitaro iliyopindwa kama uzi wa parafujo, nayo hukizungusha kichwa kipitapo. Kichwa kinachozunguka husimama imara hewani, kama vile pia ya mtoto inavyosimama wima ikizunguka na kuanguka ikichoka. Kichwa kirefu chahitaji kuzungushwa zaidi kuliko kifupi. Mitaro ya Winchester ilimaliza mzunguko mmoja kwa kila inchi 10. Ya Remington kwa kila inchi 12. Fanyeni hesabu: meta 902 kwa sekunde, zikigawanywa kwa meta 0.254, ni mizunguko zaidi ya 3,500 kwa sekunde moja! Remington walifikiri kwamba watu wataitumia .244 kwa wanyama wadogo hasa, wakauza vichwa vyepesi vya greni 75 na 90, na mitaro ya inchi 12 ilivitosha. Winchester waliuza cha greni 80 kwa koyoti na cha greni 100 kwa kulungu. Wanunuzi walitaka bunduki moja ya kazi mbili, wakaikimbilia .243. Mwaka 1963 Remington waliibadili jina risasi yao, wakaiita 6 mm Remington, na mitaro wakaifanya ya inchi 9. Ilikuwa risasi nzuri kabisa, lakini soko lilikwisha kwenda.

Tupite sasa kwenye kuanguka kwa risasi. Wengi hudhani kwamba kichwa cha risasi huenda moja kwa moja kwanza, halafu ndipo huanza kuanguka. Sivyo. Huanza kuanguka dakika ileile kitokapo mtutuni, kwa haraka ileile ya jiwe uliloliacha mkononi. Tofauti ni muda tu. Kichwa cha .243 huchukua kama sekunde 0.245 kufika meta 200, na katika muda huo, kwa nusu ya 9.8 mara muda mara muda, huwa kimeshuka karibu sentimeta 30. Kile cha .30-30 huchukua kama sekunde 0.35, na kushuka kwake ni karibu sentimeta 60. Mwindaji hurekebisha shabaha ya bunduki yake ili mtutu uelekee juu kidogo, lakini akikosea kukisia umbali, mwenye .30-30 hukosea kwa sentimeta nyingi zaidi, na tumekwisha kusema duara lenyewe ni sentimeta 20.

Kwa nini .30-30 hupoteza mwendo upesi hivyo? Sehemu ya sababu ni pua yake butu. Bunduki yake iliyo mashuhuri, Winchester ya mwaka 1894 iliyobuniwa na John Browning, huweka risasi katika mrija chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine, pua ya hii ikigusa fataki ya ile. Pua ingekuwa kali, teke la bunduki lingeweza kuifanya igonge fataki ya mbele yake na mrija mzima ukalipuka. Kwa hiyo vichwa vya kawaida vya mrija hufanywa butu kwa usalama, na hewa ikatoza ushuru wake. Hata hivyo nisingemdharau mzee huyo. Katika misitu minene ya mashariki mtu hamwoni kulungu mbali zaidi ya meta 70 au 80, na kwa umbali huo .30-30 imewapatia watu nyama kwa zaidi ya miaka 125.

Kwa koyoti mambo ni kinyume. Ni mnyama mdogo, husimama mahali peupe, na ni mwerevu. Wawindaji wengi hukaa kimya wakapuliza kipenga kinachoiga kilio cha sungura aliyeumia, naye huja akinyemelea. Pengine hufika meta 40, pengine husimama meta 250 akatazama, kisha huondoka zake. Asiyewinda kitu kingine ila koyoti atafanya vyema kuchagua .22-250, iliyopokewa rasmi na Remington mwaka 1965. Hutupa kichwa cha gramu 3.56 kwa meta 1,122 kwa sekunde, na njia yake yakaribia kunyoka. Lakini upepo hukisukuma kando kichwa chepesi kuliko kizito cha umbo lilelile, na mbuga za Wyoming na Montana hazina uhaba wa upepo.

Limebaki jambo la teke. Bunduki haimpi mnyama nguvu bila kumrudishia mpigaji fungu lake. Uzito wa kichwa mara mwendo wake ni sawa na uzito wa bunduki mara mwendo wa kurudi nyuma. Tuchukue bunduki ya kilo 3.5. Kwa .223 hurudi kwa meta 1 kwa sekunde, kwa.243 meta 1.67, kwa.308 meta 2.39. Tofauti yaonekana ndogo, lakini hesabuni nishati inayofika begani: jouli 1.8, jouli 4.9, na jouli 10. Teke la .308 ni maradufu ya lile la .243, na zaidi ya mara tano ya lile la .223. (Gesi ya baruti huongeza zaidi, lakini tumeiacha ili hesabu iwe nyepesi.) Mtu aliyepigwa begani mara kadhaa hujifunza kufumba macho na kushtuka kabla ya kufyatua, na akishtuka mtutu huyumba. Kwa kijana au mtu mwembamba, risasi ndogo iliyopigwa mahali pake yafaa kuliko kubwa iliyokwenda tumboni. Wale wanaosema "chukua kubwa uwe salama" wamesahau kwamba risasi kubwa nayo hutegemea bega la mtu.

Basi mfikirie mfugaji wa kondoo na mbuzi katika uwanda wa Edwards, Texas. Ana bunduki moja. Kulungu wa kwake ni wa kusini, wadogo kuliko wa Wisconsin. Koyoti wanamwibia wana-kondoo. Meta 200 ni umbali wa kawaida. Mimi ningempa .243, na masanduku mawili: la vichwa vyepesi vya koyoti, na la greni 100 vya kulungu. Sharti langu moja ni kwamba aipime shabaha kwa kila sanduku peke yake, maana vichwa viwili vya uzito mbali havigongi mahali pamoja hata vikitoka mtutu mmoja. Akikaa milimani kwenye kulungu wakubwa na koyoti si haja yake kubwa, ningesema .308 au .270. Akikaa Ohio, habari ni nyingine kabisa. Kichwa cha risasi kubwa ya bunduki hizi kikirushwa juu huweza kwenda zaidi ya kilometa 3, na Ohio ni nchi tambarare yenye mashamba na nyumba zilizokaribiana. Kwa miaka mingi jimbo hilo halikuruhusu bunduki za mitaro mirefu kwa kulungu. Watu walitumia bunduki za marisau zenye risasi moja nzito isiyofika mbali. Mwaka 2014 liliruhusu baadhi ya risasi zenye ganda lililonyooka, ambazo mwendo wake ni mdogo. Hapo anayechagua risasi si mnyama wala mwindaji, ni jirani aliye ng'ambo ya shamba.

Nako California kuna jirani mwingine, ndege. Kondori wa California ni mla mizoga, mabawa yake yakinyooshwa hukaribia meta 3. Mwaka 1982 walibaki 22 tu ulimwenguni. Mojawapo ya mambo yaliyowamaliza ni madini ya risasi: kichwa kikipita ndani ya mnyama huacha vipande vidogo mno katika matumbo yanayotupwa porini, ndege hula, naye husumika. Mwaka 1987 kondori wa mwisho walikamatwa ili wazalishwe katika vizimba, na kuanzia 1992 wengine wakarudishwa porini. Leo wote pamoja wamepita 500. Tangu tarehe 1 Julai 2019 sheria ya jimbo hilo huwataka wawindaji wote watumie vichwa visivyo na madini ya risasi. Ndiyo ile risasi isiyo na risasi tuliyoiahidi, na mara nyingi huwa ya shaba nyekundu tupu.

Hapo fizikia hurudi tena mlangoni. Sentimeta moja ya ujazo ya madini ya risasi ina gramu 11.3, ya shaba nyekundu ina gramu 9 kasoro kidogo. Kwa hiyo kichwa cha shaba chenye uzito uleule na upana uleule lazima kiwe kirefu zaidi, na kichwa kirefu chataka kuzungushwa zaidi. Ni tatizo lilelile lililowapata Remington mwaka 1955, limekuja kwa mlango mwingine. Wenye .243 wa California huchagua kichwa cha shaba cha greni 80 au 85 badala ya 100, nacho hupenya vizuri kwa sababu hakivunjiki.

Hesabu ya kufanya nyumbani: .270 Winchester, iliyotoka mwaka 1925, hutupa kichwa cha greni 130, yaani gramu 8.42, kwa mwendo wa meta 933 kwa sekunde. Tafuta nishati yake mtutuni. Tafuta mwendo wa kurudi nyuma kwa bunduki ya kilo 3.5, pamoja na nishati inayofika begani. Kisha tafuta itashuka sentimeta ngapi katika muda wa sekunde 0.23. Atakayepata jouli 3,665 katika sehemu ya kwanza aendelee mbele. Atakayepata namba nyingine aangalie kama amesahau kugeuza gramu kuwa kilo.